Jinsi Tulivyoihamisha Nyumba ya Bibi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika chombo chochote. Nilifika karakana ya shamba moja la mkonge, jirani na Ngombezi, kabla king'ora cha asubuhi hakijalia, nimevaa shati lililopigwa pasi na mkononi nina barua ya kuajiriwa ndani ya bahasha. Uhuru ulikuwa bado mpya, na bendera ya ofisini ilikuwa haijaanza kupauka. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka nyumbani kwetu Manundu kwa miguu, na nilidhani nitapewa msumeno.

Fundi Mkuu wa karakana alikuwa Msambaa mrefu, mkimya, aliyevaa kofia ya kitambaa mvua inyeshe au jua liwake. Aliisoma barua, akanitazama viganja, kisha akanipeleka nyuma ya jengo. Huko kulikuwa na lundo la nguzo zilizong'olewa kwenye nyumba za wafanyakazi.

"Hizi zimekufa," alisema. "Saa tisa nitarudi uniambie zimeuawa na nini."

Aliporudi nikamwambia zimeuawa na mchwa.

"Mchwa walikuja baadaye, wakakuta mti umeshalegea. Nani aliulegeza? Tazama tena."

Nikatazama tena. Kila nguzo ilikuwa imeoza mahali pamoja, pale inapotoka ardhini, upana wa kiganja. Juu ya hapo ilikuwa nzima, na chini ya hapo ilikuwa karibu nzima. Nikamwambia ni maji, yanasimama pale na hayana pa kwenda.

"Basi kesho uje na nguo za kazi," akasema.

Nilikaa chini ya mzee huyo miaka mitano. Alinifundisha kunoa tezo, yaani kile kishoka chenye bapa lililogeukia ndani, mpaka linyoe nywele za mkono. Alinifundisha ulimi na tundu, yaani kuchonga ncha ya boriti iwe nyembamba kama ulimi, halafu kuchimba tundu kwenye nguzo kwa patasi, ulimi uingie humo pasipo kutikisika. Sisi tuliunga hivyo milango na madirisha tu. Mapaa ya shamba tuliyapigilia misumari, maana misumari ilikuwapo kwa magunia na haraka ilikuwapo zaidi. Mara moja nilimuuliza kama nyumba nzima inaweza kuungwa kwa ndimi.

"Inaweza," alisema, "lakini sijaiona. Ukiiona, nifuate uniambie."

Baadaye niliajiriwa serikalini kwenye ujenzi, ofisi yetu ikiwa Korogwe. Mkubwa wetu pale alikuwa Mhandisi, kijana wa Kizungu aliyekuja kwa mkataba kutoka kaskazini mwa Ulaya. Alikuwa mtu wa haki. Alijifunza Kiswahili kwa kuuliza majina ya vitu: alishika pima maji akauliza hii nini, akashika timazi, ule uzi wenye risasi ya kupimia wima wa ukuta, akauliza na hii. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anagombana na madereva kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Ulipofika wakati wa vijiji vya ujamaa, mafundi tuligawanywa. Mimi nilipangiwa upande wa Handeni, kijiji kipya kilichokuwa kikipimwa kando ya barabara, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka Kwamsisi. Watu wa vitongoji vya porini walitakiwa wahamie hapo, wapate shule, zahanati na maji. Kazi yangu ilikuwa paa la shule. Kuta za tofali zilikuwa zimesimama, lakini mbao zilikuwa hazijafika, na kila gari lililopita barabarani tulilikimbilia tukidhani ndilo lililozileta.

Kiongozi wa uhamisho katika eneo letu alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Sitamtaja jina, na wala sitamsema vibaya kupita kiasi, kwa sababu naye alikuwa na wakubwa wake waliomuuliza kila wiki shule imefika wapi. Asubuhi moja aliniita.

"Ndugu fundi, kule Kwamkindo kuna nyumba kuukuu ya bibi mmoja. Nimeambiwa ina miti migumu sana. Wenzake wote wameshahama, yeye amebaki. Nenda ukaikague, uchague mbao zinazofaa shule. Zilizobaki ni kuni."

Nilichukua baiskeli, futi na patasi, nikaenda.

Kwamkindo palikuwa pameshakuwa mahame. Nyumba nyingi zilikuwa zimeezuliwa, nyingine zimeangushwa, na kwenye viwanja mbuzi waliosahauliwa walikuwa wanakula mahindi yaliyomwagika. Nyumba ya Bibi Mwanaidi ilikuwa mwisho wa kitongoji, kwenye mwinuko. Kwa mbali niliona paa tu, kubwa, limeshuka mpaka kimo cha kifua cha mtu. Nilidhani ni ghala.

Bibi alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, mjane, na hakuacha kupepeta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetumwa kuibomoa?"

"Nimetumwa kuikagua."

"Ingia ukague. Ukigonga kichwa usiilaumu nyumba."

Niliinama nikaingia. Macho yalipozoea giza, nilikaa chini sakafuni. Nikainua uso kulitazama paa lote kutoka chini.

Wasomaji vijana, nyumba mlizozoea ninyi hubebwa na kuta. Ukitoa ukuta, paa linakuja. Hata nyumba zetu za miti na udongo hutegemea miti iliyochimbiwa kuzunguka ukuta. Nyumba ile haikuwa hivyo. Katikati yake zilisimama nguzo nane za mkarambati, mti mgumu wa msitu wetu ambao mchwa huukimbia, safu mbili za nguzo nne nne. Juu ya kila safu ulilala mti mrefu wa mvule. Huo ndio tunaouita mtambaapanya, kwa sababu panya hupita juu yake. Boriti zilivuka kutoka safu moja kwenda ya pili, na pale boriti ilipokutana na nguzo palikuwa na kiegemeo, tawi lililopinda lenyewe porini, likachaguliwa kwa kupinda kwake, likafunga kona kama mkono wa mtu aliyejishika kiuno. Kuta za fito na udongo zilizunguka nje na hazikubeba kitu. Zilikuwa nguo tu. Ungezivua zote, nyumba ingebaki imesimama.

Nikatafuta misumari. Hakukuwa na hata mmoja. Kila kiungo kilikuwa ulimi na tundu, kikafungwa kwa kigingi cha mpingo chenye unene wa kidole gumba. Nilijaribu kuingiza ncha ya kisu kati ya ulimi na tundu, kisu kikakataa.

Nikatazama miguu ya nguzo. Haikuchimbiwa. Kila nguzo ilisimama juu ya jiwe bapa, na jiwe lilikuwa juu ya sakafu kiasi cha vidole vinne. Nikakumbuka lundo la nyuma ya karakana. Aliyejenga hapa alikuwa ameujua ugonjwa ule na ameupa dawa kabla babu yangu hajazaliwa.

Upande wa bondeni lilikuwa zizi la mbuzi, ndani ya nyumba, limetengwa kwa uzio wa fito. Upande wa juu walilala watu. Katikati palikuwa na meko ya mafiga, bila dohani, na juu yake dari la fito lililojaa mahindi. Moshi ulipita kwenye mahindi ukayakinga na dumuzi, ukapanda kwenye miti ukaipaka masizi meusi yanayong'aa kama kiwi ya viatu, kisha ukatoka polepole katikati ya nyasi za paa. Niliyagusa yale masizi. Chini yake mti ulikuwa mzima kama uliokatwa mwaka jana.

"Nani aliijenga?" nilimuuliza bibi.

"Babu wa babu wa mume wangu ndiye aliyetaka ijengwe. Fundi alitoka Pangani, alikuwa akiunda majahazi. Jina lake limepotea. Tunajua tu kwamba alikuwa hali nyama ya mbuzi, wakawa wanamtafutia kuku kila wiki mpaka kijiji kikaishiwa kuku."

Basi ndiyo sababu ya vile viegemeo, nikawaza. Ni mbavu za chombo.

Nikamweleza ukweli wa safari yangu, kwamba kiongozi anataka nguzo zikatwe ziwe mbao za shule. Aliweka ungo chini kwa mara ya kwanza.

"Sijakataa kuhama," alisema. "Watu wanasema nimekataa. Mimi nimesema nitahama na nyumba yangu. Mchukue yote au msichukue kitu."

"Bibi, nyumba haihami."

"Hii ilishahama."

Alimwita shemeji yake, Mzee Mhina, aliyekuwa ameshahamia kijijini lakini alikuja kila siku kumsaidia kuchunga mbuzi. Mzee Mhina alichukua kijinga cha moto akakiinua kwenye nguzo ya kwanza. Palikuwa na mkato mmoja wa patasi, na ubavuni mwa boriti iliyoingia hapo mkato mmoja. Nguzo ya pili ilikuwa na mikato miwili, na boriti yake miwili. Safu ya mashariki mikato ilikuwa imenyooka, safu ya magharibi imepinda kama kucha.

"Baba yangu alinionyesha," Mzee Mhina alisema. "Zamani ilikuwa ng'ambo ya mto. Mto ulipohama, wakaifungua wakaja nayo. Sijui walifanyaje, ila walihesabu hivi."

Fundi yule alikuwa ameacha maelekezo ndani ya mti wenyewe.

Niliporudi nikamwambia kiongozi kwamba ile nyumba isikatwe, ihamishwe. Alinisikiliza huku akisaini karatasi.

"Nimekutuma mbao, umeniletea hadithi."

Bahati ilikuwa kwamba Mhandisi alikuwa Handeni wiki hiyo kukagua madaraja. Nilimfuata kwa baiskeli, nikamchorea viungo vyote kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Alifuata kila kiungo kwa kidole. Kisha alitoa picha ndogo kwenye pochi yake, picha ya nyumba ya wakulima ya kwao, nyumba ya ukoo wa mama yake. Nguzo na boriti zilionekana nje, na kati yake udongo uliopakwa chokaa.

"Imejengwa zama za kati," alisema. "Wakulima kwetu walijenga hivi mamia ya miaka. Ng'ombe mwisho mmoja, watu mwisho wa pili, moto katikati, moshi juani... hapana, moshi juu. Hakuna msumari. Na mikato kama hii yako ipo. Bibi yangu aliniambia ni alama za wachawi, nikaamini mpaka nilipokwenda chuo."

"Na waliwahi kuzihamisha?"

"Mara nyingi. Mkulima akinunua ardhi mahali pengine, alifungua nyumba akaipakia kwenye mkokoteni." Akachukua kalamu. "Fundi, nikikuandikia barua, unaweza kweli?"

Nilisema naweza. Sikuwa na hakika.

Kiongozi aliisoma barua mara mbili. "Siku saba," alisema. "Ya nane nakuja na misumeno. Na shule ikichelewa, jina lako ndilo nitakaloandika."

Siku ya kwanza na ya pili tuliezua nyasi na kushusha makombamoyo, ile miti ya mteremko inayobeba paa. Watu kumi na wawili walikuja kusaidia. Wengine kati yao walikuwa wamebomolewa nyumba zao wenyewe. Siku ya tatu tulianza vigingi. Kigingi hutolewa kwa kukigonga upande ulio mwembamba, kwa chuma cha duara na nyundo, polepole. Vingi vilitoka kwa hiari. Siku ya nne boriti ya tatu ilikwama. Tuligonga, tukatia maji, tukagonga tena. Mimi kwa hasira nikaagiza wavute kwa kamba, na kiegemeo chake kikapasuka kwa mlio uliowafanya mbuzi wote wakimbie.

Nilikaa juu ya jiwe nikakishika kipande. Bibi Mwanaidi alikuja akasimama mbele yangu.

"Mwanangu, umevuta kabla hujatazama."

Nikapanda tena, nikafuta masizi kwa kitambaa. Kiungo kile kilikuwa na vigingi viwili, cha pili kimejificha upande wa nyuma. Tukakigonga, boriti ikatoka kama droo ya kabati. Nimewaeleza mafundi wengi kosa hilo, na nimelieleza kama lilivyotokea, bila kumsingizia mtu.

Siku ya tano trekta la kijiji lilivuta miti kwa tela, safari sita. Bibi alikaa juu ya mzigo wa mwisho, ameshika ungo wake, na Mzee Mhina alitembea nyuma na mbuzi. Siku ya sita tuliweka mawe kwenye kiwanja alichopimiwa, tukayasawazisha kwa pima maji, tukainua nguzo. Hapo ndipo nilipomheshimu kabisa fundi wa Pangani. Tulisoma mikato, moja kwa moja, mbili kwa mbili, iliyonyooka kwa iliyonyooka, na kila ulimi ukaingia tundu lake. Mawingu ya vuli yalikuwa yamejaa upande wa bahari. Siku ya saba kiegemeo kilichopasuka nilikichonga upya kwa mti wa mkongo. Nilitafuta tawi lililopinda sawasawa asubuhi nzima, na hata hivyo ukikiangalia utajua ni changu.

Siku ya nane kiongozi alikuja, na watu wawili wenye misumeno. Nyumba ilikuwa imesimama mifupa mitupu, bila kuta, bila nyasi. Aliizunguka. Alisukuma nguzo ya pembeni kwa bega, kwa nguvu.

"Imekula misumari mingapi?"

"Hakuna, ndugu kiongozi."

Alitazama juu kwa muda. Nadhani naye aliona. Lakini alikuwa na shule ya kuezeka.

"Basi mbao za shule utazitafuta mwenyewe," alisema, akaondoka na watu wake.

Nilizitafuta. Nilipanda Usambara, nikakaa huko karibu miezi miwili kwenye kinu cha mbao nikisubiri zamu yetu, na wazazi wa kijiji walikuwa na haki ya kuninung'unikia. Katika miezi hiyo mwalimu alifundishia ndani ya nyumba ya Bibi Mwanaidi, iliyokwisha kuezekwa, darasa la kwanza asubuhi na watu wazima mchana, na bibi mwenyewe alijifunza kuandika jina lake akiwa amekaa nyumbani kwake. Barua ya onyo ililetwa Korogwe ikawekwa kwenye faili langu. Wenzangu walipandishwa vyeo, mimi nikasubiri miaka minne. Wakati huo niliumia, sisemi sikuumia.

Nilipopata likizo nilikwenda Ngombezi kumwambia Fundi Mkuu kwamba nimeiona. Alikuwa ameshastaafu na macho yamefifia, hivyo nilimweleza kwa mikono, nikiunga vidole vyangu na vyake kama ndimi na matundu. Aliniuliza maswali mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Kumbe inaweza."

Jambo moja hunisumbua hata leo. Kwamkindo kulikuwa na nyumba nyingine, za kawaida, za miti ya kuchimbia na udongo, na waliolala humo walizipenda kama bibi alivyoipenda yake. Mimi nilipigania moja kwa sababu ilikuwa nzuri. Ningeweza angalau kuuliza wengine wangependa kubeba nini. Sikuuliza. Fundi huona mti mapema kuliko anavyomwona mtu, na huo ni upungufu wetu.

Baada ya hapo nilijenga madarasa, zahanati, nyumba za walimu, na daraja moja la mbao lililochukuliwa na mafuriko. Nilistaafu nikiwa msimamizi wa mafundi, nikarudi Manundu, nikajenga nyumba ya tofali za saruji kama kila mtu. Naishi humo vizuri.

Juzi kati nilialikwa na shule ile ile niliyoichelewesha. Bibi Mwanaidi alifariki zamani. Anayekaa nyumbani mwake ni mjukuu wake na watoto, wametoa nyasi wameweka bati, zizi limekuwa chumba cha kulala. Waliniuliza kama nimechukia. Nikawaambia hapana, nyumba ya kukaa watu hubadilika, ila wasiache maji yakasimama kwenye mawe.

Mwalimu aliwaleta wanafunzi humo ndani, akaniomba niwatajie jina la fundi aliyeijenga. Nikasema silijui, na hakuna alijuaye. Lakini najua alitumia mkono wa kushoto, maana makovu yote ya tezo yameinamia upande usio wangu. Najua alikuwa na subira, isipokuwa kwenye nguzo ya mwisho, ambako alifanya haraka, labda mvua ilikuwa inakuja. Najua alikosea boriti ya nne, akakata tundu mahali pasipo pake, na hakulifunika kwa udongo. Alichonga kipande cha mti ule ule akakipachika kwa uzuri, mahali ambapo hakuna mtu angeona ila fundi mwenzake.

Msichana mmoja wa mbele aliuliza kama niliwahi kukutana naye.

Nikamwambia hapana, lakini tulifanya kazi pamoja siku saba.